Kwa Jina la Fundi Mwinyimadi

Mikindani, 12 Februari 1966

Kwa Fundi Mwinyimadi, Palma. Asomewe na da Mwanvua, binti yake.

Shikamoo Fundi. Nimevuka Ruvuma salama na Fundi Shehe amenipokea kama ulivyosema, ila amezeeka kuliko ulivyomkumbuka. Sikio la kushoto halisikii. Nikisema mpingo yeye anasikia mpunga, na tunaanza kuzungumzia mavuno.

Nalala bandani kwake. Kerezo lake la kuzungushia mti ni zuri kuliko letu, usikasirike. Na mpingo upo tele, unatoka bara, huku hakuna vita. Najua ndiyo sababu ulinituma. Tangu njia ya Diaca ifungwe hatukuwa na mti, tulibaki kuchonga miiko, na mtu hawi fundi wa zumari kwa kuchonga miiko.

Lakini Fundi, nina tatizo. Gogo la kwanza nililolitoboa limepasuka. La pili limepasuka likiwa mkononi mwangu, nimesikia tak! La tatu lilinisubiri nimalize, nikaenda kula, nimerudi nimekuta ufa toka juu hadi chini. Fundi Shehe anasema yeye ni mtu wa miguu ya vitanda na zumari fupi za ngoma, hii ndefu ya kwetu hakuwahi kuitengeneza. Nifanye nini? Situlii. Nikikaa, mikono inataka kazi. Nikifanya kazi, mikono inaharibu.

Mwanafunzi wako,
Chaquir


Palma, 3 Machi 1966

Chaquir.

Umetoboa mti mbichi. Kausha kivulini. Ncha zipake nta. Acha pupa. Mimi nilikaa na fundi wangu miaka sita kabla hajanipa keke ya kutobolea nishike. Wewe umekaa kwangu minne na unataka imalizike kesho.

Usiandike barua ndefu, Mwanvua anachoka kusoma.

Mwinyimadi

Mimi Mwanvua naongeza, Baba ametoka kwenda kutawadha. Sichoki. Andika ndefu. Hapa siku hizi ukitaka kwenda shambani kwako mwenyewe unaulizwa gia, ile karatasi ya ruhusa ya Wazungu. Baba amealikwa kupiga zumari harusini Kionga, baada ya Idi. Nimemwambia aombe ruhusa ya maandishi kwanza. Amenijibu, "Harusi si mkutano."


Mikindani, 20 Aprili 1966

Shikamoo Fundi.

Magogo yamekauka, nta nimepaka. Sasa nauliza mambo mawili, usinitukane. La kwanza: ndani ya zumari panaanza pembamba kwenye shingo na kupanuka kuelekea chini. Unapanua kwa siku moja, au kidogo kidogo? Miaka minne nilikuona ukianza na nilikuona ukimaliza, katikati siku zote ulinituma sokoni. La pili: toka tundu hadi tundu ni kiasi gani? Nilijaribu kwa vidole vyangu, ikatoka sauti ya mbuzi aliyefungwa.

Mamudo, yule muuza ng'onda, atakuletea barua hii. Mpe jibu yeye yeye.

Chaquir


Palma, 6 Mei 1966

Dada Zainabo, huko Vamizi.

Soma mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Baba amechukuliwa. Ilikuwa harusini Kionga, adhuhuri, watu wamekaa wanakula. Alikuwa anapiga, mashavu yamejaa, hakuwaona askari wakiingia. Waliokuwepo wananiambia mkalimani alimwuliza, "Unamwita nani na hicho?" Baba akajibu, "Namwita bwana harusi, amechelewa." Watu wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomponza. Wakasema zumari inapeleka habari kwa watu wa msituni, wakampakia garini pamoja na wazee wawili. Zumari waliitupa chini, nimeletewa mimi.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Kila asubuhi naenda ofisini, kila asubuhi naambiwa nije kesho. Wengine wanasema yuko Mocímboa, wengine wanasema Porto Amélia.

Kisha wakaja nyumbani. "Yule mwanafunzi wake, ambaye mama yake ni Mmakonde wa Diaca, yuko wapi?" Nikasema alikwenda kusini kutafuta kazi. Wakaandika jina lake.

Na jana Mamudo ameniletea barua ya huyo huyo Chaquir. Hana habari ya lolote. Anamwuliza Baba namna ya kutoboa! Nikimwambia ukweli atavuka siku ile ile, unamjua alivyo, atakwenda kugonga mlango wa ofisi amtake mwalimu wake, na wao wanamngoja. Basi nitamjibu mimi, kwa jina la Baba. Mwandiko hautanifichua, maana Baba maisha yake yote hakushika kalamu, barua zake zote ni mkono wangu. Akirudi nitamwambia, atanifokea, itakwisha.

Shida ni moja. Anauliza mambo nisiyoyajua. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisikia kerezo linalia tu.

Mdogo wako,
Mwanvua


Palma, 29 Mei 1966

Chaquir mwanangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kuwa na hakika.

Usipanue kwa siku moja. Anza na chuma chembamba kuliko vyote, kipitishe toka juu hadi chini, kisha acha. Funga kipande kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya nazi, kiweke uvunguni siku arobaini. Ndipo uje na chuma cha pili. Unga unaotoka uunuse. Ukinukia utamu, endelea. Ukinukia kuungua, simama hapo hapo, maana mti umeshika joto, na joto ndilo linaloupasua. Watu wanadhani nilikuwa napumzika nilipoweka kiganja puani. Nilikuwa nanusa.

Kuhusu matundu, mimi napima kwa vidole vyangu, na vidole vyangu huna. Nimekutilia uzi humu ndani. Kila fundo ni tundu moja, kipimo kimetoka kwenye zumari yangu mwenyewe.

Kula vizuri. Kwa sasa usije huku, njia si nzuri.

Mwinyimadi


Mikindani, 10 Septemba 1966

Shikamoo Fundi, shikamoo tena!

Imelia. Haikupasuka na imelia. Nilinusa unga mpaka nikapiga chafya siku mbili. Nilipotia ulimi wa ukuti na kupuliza, jirani aliacha kutwanga.

Sasa nikuungamie. Kati ya Juni na leo, zumari ilikuwa kazi ya jioni tu. Mchana kutwa tunakereza magongo ya majeruhi wanaoletwa toka ng'ambo. Ni wengi, Fundi. Mwezi uliopita nilimpima mmoja toka kwapani hadi chini, nikaandika kipimo, nikamwuliza jina ili niliandike kwenye gongo. Akasema, "Chaquir, ni mimi." Alikuwa Cosme, mtoto wa mjomba wangu wa Diaca. Nilikuwa nimetazama mguu, sikutazama uso. Tangu siku ile nikikereza gongo naharibu, ila nikishika zumari hii natulia. Ndiyo maana nimeimaliza.

Na jambo jingine. Siku hizi unanieleza! Miaka minne ulinifundisha kwa kunyamaza na kwa kunigonga tupa mgongoni mwa mkono. Nilimwambia Fundi Shehe kwamba mwalimu wangu amelainika. Akasema ni uzee.

Kabla ya Ramadhani nitavuka niilete. Wewe ndiye wa kuipuliza kwanza mbele ya watu, bila hivyo mimi bado si fundi. Mamudo anajua pa kupita. Usiniambie njia si nzuri, nimeshaamua.

Chaquir


Palma, 25 Septemba 1966

Chaquir.

Usije. Unasema imelia. Hata mlango unalia. Zumari iliyokwisha kwa miezi mitatu si zumari, ni kipande cha kuni kilichotobolewa. Ungekuwa na akili ungekitia jikoni ukaanza upya. Mimi sina pumzi ya kupoteza kwa kazi kama hiyo. Kaa huko miaka miwili mingine ndipo uniandikie. Ukivuka kabla, sikujui.

Mwinyimadi


Mikindani, 14 Oktoba 1966

Fundi Mwinyimadi.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mzaha ndani yake. Hakuna.

Sikuitia jikoni. Nilikwenda nayo mpaka mbele ya moto na mkono ukakataa. Lakini sitaki kuiona, nimemwachia Fundi Shehe. Kesho naondoka na vijana wanaokwenda kambini kujifunza bunduki. Cosme amenikataza, amesema, "Niangalie mimi kwanza." Nimemwangalia. Naenda. Huko hawamwulizi mtu amekaa kwa fundi miaka mingapi.

Nisalimie da Mwanvua. Usijibu, barua haitanikuta.

Chaquir


Palma, 11 Novemba 1966

Kwa Chaquir. Barua hii inatoka kwa Mwanvua, na hakuna mwingine aliyeisema.

Naiandika nikijua umeondoka. Naiandika hivyo hivyo, labda umechelewa, labda umeugua homa, labda umebadili mawazo.

Baba amefariki. Alichukuliwa Aprili, harusini Kionga, na toka Aprili nilikuwa namngoja. Wiki iliyopita alikuja mtu anaitwa Domingos, wa Diaca, aliyefungwa chumba kimoja naye. Hakutaka kuingia ndani, alisimama mlangoni.

"Wewe ndiye Mwanvua?"

"Ni mimi."

"Mzee alikuwa anakutaja. Alisema una mwandiko mzuri."

Akanieleza. Ilikuwa Juni. Tumbo lilimwendesha, na maji yalikuwa kopo moja kwa watu kumi. Waislamu wawili waliokuwa mle walimsalia, wakamzika wao wenyewe. Domingos hakuweza kuniambia kaburi liko wapi, wale wawili walitolewa nje siku hiyo kwa ajili ya kazi hiyo tu, wakamwambia palikuwa na mchanga.

Barua ya Machi ilikuwa yake. Ya Mei ilikuwa yangu. Ya Septemba ilikuwa yangu. Uliponiuliza habari za kutoboa sikujua kitu, kwa hiyo nilichukua vyuma vyake nikajaribu kwenye mchi wa mpingo uliovunjika. Vipande vitatu vilipasuka. Cha nne nikakumbuka alivyokuwa akiweka kiganja puani, nami nikanusa. Siku arobaini nilizijua kwa sababu mimi ndiye niliyefagia uvunguni, na nilikatazwa kugusa. Uzi niliupima kwenye zumari aliyokuwa nayo siku ile.

Sasa ile ya Septemba. Askari wawili walikuwa barazani kwetu wanakunywa maji, wanamwuliza kila apitaye jina lake. Jina lako lilikuwa kwenye karatasi yao. Nilikuwa ndani na kalamu, natafuta neno litakalokuzuia. Nililipata. Nilisema "kipande cha kuni" kwa kitu ambacho sijakiona wala kukisikia. Nilidhani utakasirika ubaki. Sikudhani utakasirika uende vitani. Dada Zainabo aliniandikia toka Juni akisema, "Mwambie ukweli, ni mtu mzima." Sikumsikiliza. Nisamehe.

Wiki ijayo nyumba za mtaa wetu zinavunjwa, tunapelekwa kwenye kijiji cha uzio. Kama barua hii imekukuta, kaa ulipo. Tafadhali kaa.

Mwanvua binti Mwinyimadi


Mikindani, 20 Januari 1967

Binti yangu Mwanvua,

Mimi Shehe, rafiki wa marehemu baba yako, naandikiwa na jirani. Chaquir aliondoka Oktoba. Barua yako niliifungua, nisamehe, Mamudo alisema ameihangaikia mno hata nikaogopa ni jambo la kufa. Na kweli lilikuwa la kufa. Nimemsomea baba yako khitma hapa, walikuja watu kumi na saba, wawili walimjua kwa uso na wengine kwa zumari.

Barua nimeifunga tena, nimempa mama mmoja anaitwa Esperança, anayebeba mizigo ya wapiganaji kwenda ndani, ng'ambo ya Ruvuma. Kumfikia au kutomfikia ni amri ya Mungu.

Wiki iliyopita, siku ya Idi, niliitoa ile zumari ya kijana nikaipuliza. Nina sikio moja tu, lakini hilo moja limesikia zumari miaka sitini. Haikuwa na kosa, ila mdomo wa chini umebaki mnene kidogo. Watu walitoka majumbani wakadhani kuna harusi. Nami nilijiuliza, kijana huyu kafundishwa na barua, na barua hizo ziliandikwa na binti aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia. Basi huyo binti akikaa mbele ya kerezo itakuwaje?

Mimi sina mtoto wa kazi hii. Ukiweza kutoka humo ndani ya uzio, njoo. Banda lipo, na mke wangu anataka mwenziwe wa kuzungumza naye, maana mimi amenichoka kwa kupiga kelele.

Shehe


Msituni, upande wa Diaca, 17 Machi 1968

Da Mwanvua,

Nimesikia kwa Esperança kwamba ulitoroka kijiji cha uzio na uko Mikindani. Barua yako ilinifikia Julai mwaka jana. Ilikuwa imelowa na kukauka mara nyingi, sehemu nyingine nilisoma na nyingine nilikisia.

Nilikaa nayo muda wote huu bila kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi. Nitakwambia kinachonichoma, na si kwamba ulinidanganya. Miezi tisa nilimlaani baba yako. Nikibeba sanduku la risasi kichwani, namlaani. Nikilala na njaa, namlaani. Nilikuwa nalaani maiti aliyenifundisha kazi, aliyekwisha kuzikwa mchangani na watu wasiomjua. Ulininyima kumlilia. Hilo sijalimeza bado na sijui nitalimeza lini.

Lakini siandiki kwa hilo peke yake. Mwezi uliopita kamati ya wapiganaji iliniuliza nilikuwa na kazi gani kabla. Nikasema. Nimepewa watu wanane niwafundishe, wakubwa kwa wadogo: mipini ya majembe, vinu, na kwa ombi langu zumari, maana watu huku wanaoa na kuolewa hata chini ya mabomu, na kila harusi ni kimya kama matanga. Hodari kuliko wote ni mwanamke, Margarida, mumewe amekufa. Ana pua kama mbwa. Yeye ndiye anayetuambia tusimame.

Mpingo tunaukanyaga. Tulichokosa ni kutulia. Ndege zikipita tunahama, wakati mwingine mara tatu kwa mwezi, na kila tukihama vipande vinakaa juani njiani, vinapasuka vyote. Siku arobaini mahali pamoja sisi hatuzipati. Jana Margarida amekaa mbele ya vipande kumi na viwili vilivyopasuka, akanitazama, akasema, "Mwalimu, na fundi wako anasemaje?" Nilitaka kumjibu kwamba fundi wangu amekufa. Kisha nikasema, "Ngoja nimwandikie."

Basi nauliza. Na ukijibu, jibu kwa jina lako.

Chaquir


Mikindani, 2 Mei 1968

Chaquir,

Sikuombi msamaha tena, niliuomba mara moja na umeujibu. Ulichosema ni kweli. Nimekisoma mbele ya Fundi Shehe kwa sauti, mara mbili kwa sababu ya sikio lake, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Swali lako sijui jibu lake. Baba alikaa nyumba moja maisha yake yote mpaka siku ile ya harusi, na Fundi Shehe hajawahi kuhama hata mtaa. Nimewauliza maseremala wawili wa Mtwara, wakacheka wakaniambia mti hautembei.

Kwa hiyo nimeanza kujaribu. Nimechukua kipande kilichopita chuma cha kwanza, nikakifunga kitambaa cha mafuta, nikakifunga tena kiunoni, chini ya kanga, kigusane na mwili ili kisipate jua wala upepo. Natembea nacho, natwanga nacho, naswali nacho, nalala nacho ubavuni. Watu wa mtaa wanasema binti wa Palma ana mimba ya pembe. Nimewaacha waseme. Ubavu unauma na nguo zangu zote zinanuka nazi. Leo ni siku ya kumi na mbili na hakijapasuka, lakini siku kumi na mbili si kitu, na mimi sikimbii ndege.

Mwambie Margarida ajaribu, yeye na wengine, kila mmoja na kipande chake. Mkihama, kihame naye. Na asikuulize wewe kuhusu harufu, aniandikie mwenyewe, au akuambie uandike maneno yake kama anavyoyasema, usiyapunguze wala usiyapambe.

Changu kikipasuka nitakwambia.

Mwanvua